Kuchana Mbao Shambani Kwako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Mashamba ya Miti

Maswali haya nimeulizwa Mafinga mjini, kwenye misiba, ndani ya basi la kwenda Njombe, na mara nyingi zaidi kwa simu na mtu aliyesimama katikati ya miti ya marehemu baba yake akiwa na mnunuzi pembeni. Nina dingdong moja na ekari nne za misindano (paini) huku Mufindi. Miti ya watu niliyochana ni mingi kuliko yangu.

Bei zote utakazoziona humu ni za kufanyia hesabu tu. Futa yangu, weka ya kijijini kwako, kisha piga upya.

## Mambo ya mwanzo

1. Dingdong ni kitu gani hasa?

Ni mashine ndogo ya kuchana mbao inayohama: fremu ya chuma, msumeno wa mviringo, injini ya dizeli inayouzungusha kwa mkanda, na reli fupi yenye toroli. Gogo linalazwa juu ya toroli, watu wawili wanasukuma, mmoja anapokea upande wa pili. Inafunguliwa, inapakiwa kwenye gari na kufungwa tena shamba jingine siku hiyohiyo. Nyingi zimechomelewa na mafundi wa hapahapa nyanda za juu, ndiyo maana hakuna mbili zinazofanana, na ndiyo maana spea yake huipati kwa kutaja jina la kampuni.

2. Kuna mashine gani nyingine zinazoweza kufika shambani?

Kuna chenso, inayopasua gogo palepale lilipoangukia. Haina gharama kubwa kuanza, ila inakula mbao vibaya: njia yake, yaani upana unaogeuka vumbi kila inapokata, ni karibu sentimita nzima. Kwa misindano naiona kama hasara inayotembea. Inafaa pale gogo ni kubwa mno au liko bondeni ambako hakuna namna ya kulitoa.

Kuna misumeno ya mkanda kama Wood-Mizer ya Marekani. Inakata njia nyembamba ya milimita 2 hadi 3 na vipimo vinatoka sawa, lakini bei yake ni ya juu na mkanda unataka mtu anayejua kuunoa. Kuna Lucas Mill ya Australia, ambayo msumeno wake unageuka kutoka wima kwenda ulalo huku gogo limelala chini bila kusogezwa. Hiyo ni nzuri kwa magogo manene. Kuna pia Kara za Kifini, mashine imara za msumeno wa mviringo, ila hizo hukaa zaidi mahali pamoja na magogo ndiyo yanayozifuata.

3. Nitajuaje kwamba miti yangu imefikia kuchanwa?

Usihesabu miaka peke yake, pima unene. Shika futi kamba, zungusha mti kwenye usawa wa kifua, gawanya kwa 3.14. Msindano wenye sentimita 25 na kuendelea unaanza kuzungumza lugha ya mbao. Wenye sentimita 15 ni wa mirunda, na ukiupitisha kwenye msumeno utapata kuni zenye pembe.

Watu wengi huku wanakata msindano wa miaka 8 au 10 kwa sababu ada ya shule haisubiri. Siwalaumu. Lakini mti mchanga una tatizo la pili zaidi ya wembamba: mbao iliyo karibu na kiini cha mti huwa laini na hupinda ikikauka, na kwenye mti mchanga karibu yote ni kiini. Mnunuzi mzoefu akiinua mbao mkononi tu ameshajua.

4. Nitajuaje nina mbao ngapi kabla sijakata?

Kumbuka namba moja: mbao ya 2x4 (inchi 2 kwa inchi 4) yenye urefu wa futi 12 ni karibu mita za ujazo 0.019. Kwa hiyo mita moja ya ujazo ni mbao 53 za 2x4. Kwa 1x8 ni 53 vilevile, kwa 2x6 ni 35, kwa 2x2, zile papi za kupaulia, ni 106.

Sasa gogo. Chukua kipenyo cha katikati ya gogo, gawanya kwa mbili, zidisha nusu hiyo kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa urefu. Gogo la sentimita 25 na urefu wa mita 3.7 (futi 12 na ziada kidogo ya kusawazisha kichwa) lina mita za ujazo 0.18. Usirukie kusema 0.18 mara 53 ni mbao 9 na nusu. Utapata 3 au 4, ukiwa na fundi mzuri na msumeno mwembamba 5. Zinakopotelea nyingine nimeeleza kwenye swali la 6.

Kwa shamba zima, pima miti 30 uliyoichagua bila upendeleo, siyo ile ya pembeni mwa barabara. Ya pembeni hupata jua na daima ni minene. Ndiyo ambayo mwenye shamba humwonyesha mnunuzi, na ndiyo humdanganya mwenye shamba mwenyewe.

## Hesabu yenyewe

5. Niuze miti ikiwa imesimama au nichane mwenyewe?

Hili ndilo swali, na jibu linategemea namba moja: kwenye kila gogo, asilimia ngapi inatoka ikiwa mbao.

Tuchukue ekari moja iliyopandwa kwa mita 3 kwa 3. Hiyo ni miche 450. Imepunguziwa, mingine imekufa, imebaki miti 300, kila mmoja una mita za ujazo 0.25 za magogo. Jumla ni mita 75. Mnunuzi anakupa shilingi 10,000 kwa mti, yaani milioni 3 mkononi, na wewe huchafuki hata viatu.

Ukichana mwenyewe na theluthi moja na kidogo ikitoka (asilimia 35), utapata kama mbao 1,400 za 2x4. Ziuzie barabarani kwa 4,000: milioni 5.6. Toa sasa: kuangusha na kukata magogo 1,500 kwa mti, hiyo ni 450,000, kuchana 1,000 kwa mbao, milioni 1.4, kubeba hadi barabarani 200 kwa mbao, 280,000, mlinzi, fito za kukaushia na ushuru, tuseme 250,000. Kinachobaki ni milioni 3.22. Umepata 220,000 zaidi ya yule aliyeuza miti akaenda zake kunywa chai.

Rudia hesabu na asilimia 30. Mbao zinashuka hadi 1,190, na baada ya gharama unabaki na milioni 2.63. Umefanya kazi mwezi mzima ili upungukiwe.

Rudia na asilimia 45. Mbao 1,786, na mkononi milioni 4.3.

Kuuliza kama kuchana kunalipa, basi, ni kuuliza nani anachana, kwa msumeno gani, na kwa magogo gani. Bei ya mbao mjini watu huisemea sana, lakini wewe huiwezi. Asilimia unaiweza.

Ukiamua kuuza miti imesimama, hesabu kwa mti na si kwa "shamba zima". Baba yangu mdogo aliuza ekari tatu kwa macho, mnunuzi akatembea dakika ishirini ndani ya shamba na kutaja bei. Alikuwa amehesabu mistari. Baba mdogo hakuwa amehesabu kitu.

6. Mbona kwenye gogo zima zinatoka mbao chache hivyo? Fundi ananiibia?

Mara nyingi hapana. Kwanza, gogo ni duara na mbao ni pembe nne. Mraba mkubwa kuliko yote unaoingia ndani ya duara unachukua asilimia 64 tu ya duara hilo. Zilizobaki ni mabanzi, kabla msumeno haujala chochote. Gogo nene linakuruhusu kuchomoa mbao nyembamba kwenye mabanzi hayo, gogo jembamba halikuruhusu. Halafu mti unachongoka kwenda juu, na mbao hukatwa kwa kipimo cha ncha nyembamba.

Pili ni njia ya msumeno. Msumeno wa dingdong hukata njia ya milimita 6 hadi 8. Ukichana ubao wa inchi 1 kwa njia ya milimita 7, kila ukitoa mbao nne umegeuza ubao wa tano kuwa vumbi. Kwa msumeno wa mkanda wa milimita 2 unatoa kama mbao kumi na mbili ndipo ubao mmoja upotee. Tofauti hiyo ndiyo inayowafanya wenye magogo manene na ya bei wavumilie gharama ya msumeno wa mkanda.

Tatu, na hapa ndipo fundi anahusika, ni unene usiolingana. Fanya hivi: chukua mbao kumi zilizotoka sasa hivi, pima kila moja kwenye ncha mbili na katikati. Ukikuta 2x4 yenye inchi 2 upande huu na inchi 2 na robo upande ule, toroli inacheza kwenye reli au reli haikulazwa sawa. Hiyo robo hakulipi mtu. Ukikata zote kwa inchi 2 na robo, kila mbao nane umetoa ya tisa bure. Nimewahi kusimamisha kazi saa nzima kupigilia kabari chini ya reli, vibarua wakininunia, na jioni hesabu ikanitetea.

7. Nina ekari 5. Ninunue mashine yangu?

Hapana.

Ekari 5 kwa hesabu ya swali la 5 ni mbao 7,000. Timu iliyozoeana na mashine nzima inatoa kama 250 kwa siku. Shamba lako lina kazi ya siku 28, kisha mashine ikae miaka kumi na tano ikisubiri miche ikue. Ukikodi utalipa 1,000 kwa mbao, jumla milioni 7. Ukiwa na yako utatumia kama 730 kwa mbao (mchanganuo uko swali la 8), kwa hiyo umeokoa 270 mara 7,000, ambazo ni 1,890,000. Mashine yenyewe ni milioni 12. Sioni hesabu nyingine ya kuongeza hapo.

Watu hawapendi jibu hili, kwa sababu mashine inaonekana na asilimia haionekani.

8. Na nikiinunua ili nichanie watu?

Hiyo ni biashara nyingine, na inalipa au hailipi kwa idadi ya siku injini inapowaka. Siku moja ya mbao 250 kwa 1,000 ni 250,000. Dizeli lita 20 kwa 3,000 ni 60,000. Vibarua sita, wanaolipwa kwa mbao na kugawana 350, ni 87,500. Kunoa, mikanda, beringi, weka 20,000 hata siku ambayo hakikuharibika kitu, maana kitaharibika kesho. Chakula na usafiri 15,000. Jumla 182,500, yaani 730 kwa mbao. Unabaki na 67,500.

Milioni 12 kugawanya kwa 67,500 ni siku 178. Ukipata kazi siku 150 kwa mwaka, mashine imejirudisha kabla ya mwaka wa pili kufika katikati. Ukipata siku 40, itajirudisha ndani ya miaka minne na nusu, na kufikia hapo utakuwa umeshanunua injini nyingine.

Siku zinapotea wapi? Mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati barabara za vijijini zinageuka ugali. Kuhama: kila ukihama umepoteza siku, ndiyo maana mwenye mashine anayekubali kazi ya miti 40 hapa na 60 kule anajichosha. Kiwango changu ni miti 150 mahali pamoja, au majirani wakusanye magogo sehemu moja.

9. Tukinunua kama kikundi je?

Inawezekana, na vipo vikundi vya wakulima wa miti katika vijiji vingi vya Iringa na Njombe, vingi vikiwa chini ya umoja wao wa kitaifa, TTGAU. Faida kubwa ya kikundi kwa maoni yangu si kumiliki mashine, ni kukusanya kazi: wanachama kumi wenye ekari mbilimbili wakikubaliana kukata mfululizo, mwenye mashine yeyote atakuja na atashusha bei.

Mkinunua, fundi awe mmoja anayewajibika na alipwe hata kama ni ndugu wa mwenyekiti. Mashine ya wote hainolewi na yeyote. Na kila mwanachama alipie kuchaniwa, hata kwa bei nafuu, la sivyo mfuko wa spea utakauka msimu wa kwanza.

10. Nichukue mkopo?

Rudi swali la 8 na uweke riba. Milioni 12 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka ni 2,160,000. Mwenye siku 40 anaingiza 2,700,000. Anafanyia kazi benki.

## Siku ya kazi

11. Tukubaliane nini na mwenye mashine?

Andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari mbele ya mjumbe. Mambo ambayo nimeona yakivunja urafiki ni haya: nani anaangusha miti na kuivuta hadi mashine, nani ananunua dizeli, mabanzi ni ya nani, na mbao kilema inalipiwa au hailipiwi.

Hilo la mwisho ni zito. Ukilipa kila kinachotoka, fundi atakimbiza. Lipa mbao iliyokubalika tu, na hesabuni jioni kila siku mbele ya wote wawili, siyo mwisho wa kazi. Mbao hesabu yake hupotea usiku.

12. Mashine ifungwe wapi?

Mahali tambarare, magogo yatoke juu yakishuka, na barabara isiwe mbali upande wa chini. Kubeba mbao mabegani mita mia tatu kunakula shilingi kuliko dizeli. Upepo upeleke vumbi mbali na wanaopokea. Ukikosea hapa utalipia kila mbao hadi ya mwisho.

13. Msumeno unolewe mara ngapi?

Kila asubuhi, na mara moja au mbili zaidi mchana ikiwa magogo yameburuzwa kwenye mchanga. Dalili ya msumeno butu haipo kwenye sauti, ipo kwenye vumbi: msumeno mkali hutoa chembe unazoweza kuzihisi kati ya vidole, butu hutoa unga laini kama wa sembe na mbao hutoka na moshi. Meno pia yapigwe seti (yakunjwe kidogo, moja kushoto, moja kulia) sawa pande zote mbili, la sivyo mbao itavuta upande mmoja. Osha au kwangua matope kwenye gogo. Ufagio wa chelewa ni bei rahisi kuliko tupa.

14. Ni hatari kiasi gani?

Ni hatari, na dingdong nyingi zimetengenezwa bila kifuniko cha msumeno wala bapa la kutenganisha mbao nyuma yake. Gogo likibana msumeno hurushwa kinyume kwa nguvu zote za injini. Asisimame mtu kwenye mstari wa msumeno, mbele wala nyuma. Usivae shati lililofunguka, koti la mvua wala skafu. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea kifuniko na bapa kwa nusu siku.

Mtu akikatika kidole kwenye shamba lako, ukoo utakuja kwako, si kwa injini. Ukiajiri watu, jisajili WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Na kama unataka fundi wako ajifunze kwa mpangilio, Chuo cha Viwanda vya Misitu kilichopo Moshi, FITI, kimekuwa kikifundisha kuchana na kunoa kwa muda mrefu.

## Baada ya msumeno

15. Kukausha kuna faida, au niuze mbichi siku hiyohiyo?

Kama unasafirisha, kunalipa hata mnunuzi asipokuongezea senti. Mita moja ya ujazo ya msindano mbichi inaweza kufika kilo 900. Iliyokauka kwa hewa inaelekea 500. Lori la tani 10 linabeba mbao mbichi 580 za 2x4, kavu linabeba zaidi ya 1,000, ilimradi zitoshe kwenye bodi. Nauli ya kwenda Dar ni ileile, na mizani za njiani hadi Vigwaza hazijali kwamba uzito wako ni maji.

Namna ya kupanga: mawe au magogo mafupi chini, mbao ya kwanza iwe angalau nusu mita kutoka ardhini. Kati ya kila tabaka weka fito kavu za inchi moja, kila sentimita 60, na fito za juu zikae wima juu ya za chini. Fito ikihama, mbao inapinda palepale. Funika juu kwa mabanzi na uweke uzito. Usiweke turubai hadi chini. Hiyo unapika, hukaushi. Kiangazi, mbao ya inchi 2 inahitaji mwezi mmoja na nusu hadi miwili.

Msindano uliolundikwa mbichi bila fito unapata madoa ya bluu ndani ya siku chache, hasa masika. Ni kuvu, haipunguzi sana nguvu ya mbao, lakini inapunguza bei, na kumweleza mnunuzi habari za kuvu hakujawahi kunisaidia.

Kama huna mtu wa kulinda, uza mbichi. Mbao zinazokaushwa na wezi hazina hesabu.

16. "Mbao za dawa" ni zipi? Nichovye za kwangu?

Dawa ya kweli inasukumwa ndani ya mbao kavu kwa mtungi wa shinikizo. Inayojulikana zaidi ni CCA, mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Kuchovya kwenye pipa la rangi ya kijani kunabadilisha rangi. Mchwa hawasomi rangi. Kata mbao moja katikati kwa msumeno: kama kijani kipo juu juu tu kama ganda, umeuziwa rangi.

Vipande vya mbao za CCA visipikiwe, wala majivu yake yasiende bustanini. Aseniki haiungui ikaisha.

17. Mabanzi na vumbi vina soko?

Mabanzi yana soko: uzio, mabanda, kuni za kuchomea tofali. Vumbi huku kwetu bado ni mzigo. Linatandikwa kwenye mabanda ya kuku au kuchomwa. Likichomwa Septemba na upepo ukija, utaunguza shamba la jirani, kwa hiyo lichome masika au usilichome. Lundo la vumbi huwaka kimyakimya ndani kwa siku kadhaa.

18. Niuze wapi?

Mafinga na Makambako ndiko wanunuzi wanakaa, na ndiko bei ni ya chini kwa sababu kila mtu anapeleka hapo. Dar bei ni nzuri, lakini usipakie bila kuwa na mtu wa kupokea. Lori likifika bila mteja, dalali akikuona tu atajua umekwama. Usisahau soko la kijijini kwako: shule, kanisa, jirani anayepaua. Anayenunua mbao 60 za kenchi analipa taslimu na hana nauli ya kukukata.

Soko hubadilika kwa mambo ya mbali. Februari 2018 Kenya iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, wanunuzi wa huko walizidi kuelekeza macho kwetu. Viwanda vya vinia (tabaka nyembamba za mbao za kutengenezea plaiwudi) navyo vimebadili hesabu ya magogo membamba: mashine zao humenya gogo fupi hadi kubaki kijiti. Kama miti yako ni ya sentimita 15 hadi 20, uliza bei yao kabla ya kuita dingdong.

19. Nahitaji vibali gani kuchana miti niliyoipanda mwenyewe?

Miti ni yako, lakini njia si yako. Anza ofisi ya kijiji upate uthibitisho wa umiliki, kisha ofisa misitu wa wilaya na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mbao zikiondoka shambani kwenda kuuzwa, ziambatane na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile inayoitwa TP, na anayefanya biashara ya mbao awe amesajiliwa. Ushuru wa halmashauri upo pia. Viwango hubadilika kwa matangazo ya serikali, kwa hiyo uliza mwaka huohuo unaokata, na usipakie gari kabla karatasi hazijakamilika. Gari lililozuiwa getini linakula faida ya shamba zima kwa siku tatu.

## Mambo ya pembeni

20. Mikaratusi inachanwa kama misindano?

Mashine ileile, tabia tofauti. Mkaratusi umejibana kwa ndani. Ukiukata, gogo linapasuka kichwani na mbao inajikunja ikiwa bado juu ya toroli. Chana ndani ya siku mbili tatu baada ya kuangusha, paka vichwa rangi ya mafuta au grisi, na geuza gogo: kata ubao upande huu, kisha upande wa pili, ili mkazo utoke sawasawa. Chagua magogo manene. Ongeza muda wa kunoa, na mwambie mwenye mashine mapema, kwa sababu ana haki ya kudai bei ya juu.

21. Moto umepita shambani. Miti bado ina mbao?

Ina, ila saa imeanza kuhesabu. Chini ya gome jeusi mbao ni nzima, lakini madoa ya bluu na wadudu wa kutoboa hufika ndani ya wiki chache. Kata kwanza mikubwa. Menya gome, maana mkaa na mchanga wake humaliza meno. Tarajia bei mbaya: moto ukipita kijiji kizima, kila mtu anauza wiki hiyohiyo, na wanunuzi wanalijua hilo kabla yako.

22. Miti iko kwenye ardhi ya ukoo, au nilikodi ardhi ya mtu. Nikate tu?

Usikate tu. Kwa ardhi ya ukoo, muhtasari wa kikao uliosainiwa ni karatasi ya thamani kuliko TP. Kwa ardhi ya kukodi, angalia mkataba unasemaje kuhusu visiki: mkaratusi huchipua tena, na machipukizi ni ya nani? Nimeona kesi mbili za hayo machipukizi, na katika zote mbili miti ya kwanza haikuwa na ugomvi wowote.

23. Nina grivelia mbili kubwa za nyumbani. Utakuja kuzichana?

Kwa miti miwili mashine haihami, tazama swali la 8. Zilete pale inapofanya kazi, au mpe mwenye chenso. Lakini kabla ya hapo niambie kama zimewahi kufungiwa kamba ya nguo, bembea ya watoto, au bango la mgombea. Msumari uliopigwa miaka kumi iliyopita uko ndani sentimita tano na gome limeshafunga, huuoni. Msumeno unauona.